Kisumu hadi Kit Mikayi na kurudi: kilomita 60 kwa baiskeli ya kawaida

Kit Mikayi, lile rundo la mawe makubwa, iko takriban kilomita 29 magharibi mwa Kisumu, pembeni mwa barabara ya Bondo, huko Seme. Kwa mtu wa kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa asiyetaka kumaliza pesa wikendi, hii ni safari ya kipimo chake: unatoka alfajiri ya Jumamosi, unafika kwenye mawe, na saa saba mchana uko nyumbani unaoga. Jumapili inabaki nzima kwa kanisa, kufua na watu wako.

Baiskeli ile ile ya kuendea kazini au sokoni inatosha, iwe ya gia ya mtumba au Black Mamba ya mzee, ile nzito ya chuma isiyo na gia. Wanaokwama njiani mara nyingi hawashindwi na vilima. Wanashindwa na tairi lenye upepo mdogo, kiti kilichoshushwa mno, na kuondoka saa tatu badala ya alfajiri. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya mambo ya kabla ya safari.

Wiki tatu za kuzoeza miguu

Kama huendeshi kabisa, jipe wiki tatu. Siku mbili za kazi, tuseme Jumanne na Alhamisi, zunguka kilomita 10 hadi 12 jioni ukitoka kazini. Upande wa Dunga unafaa kwa sababu hauko mbali na mji na jioni kuna kaupepo ka ziwa. Ila ondoka ufuoni kabla ya giza. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi, na mtu aliyesimama kati yake na maji anatafuta balaa.

Wikendi ya kwanza endesha kilomita 20, ya pili 30, ya tatu 40. Hiyo ya 20 ipime kwa saa. Ukiimaliza kwa saa moja na nusu, mwendo wako ni kilomita 13 na kidogo kwa saa, na huo ndio tunaoutumia kupanga muda hapa chini. Ukitumia saa mbili, hakuna ubaya, lakini ondoka mapema zaidi au geukia njiani. Aliyemaliza 40 bila goti kulalamika ataiweza 60, kwa sababu siku ya safari kuna mapumziko marefu katikati.

Baiskeli uani, Jumatano jioni

Jumatano, si Ijumaa usiku. Ukigundua kasoro Jumatano bado una siku mbili za kumpata fundi.

Anza na kiti, kwa sababu hapo ndipo magoti yanapoponea au kuharibikia. Egemea ukuta ukiwa umekaa kitini, zungusha pedali moja hadi chini kabisa, kisha weka kisigino juu yake. Mguu unatakiwa unyooke kabisa. Ukianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini, maumivu huja mbele ya goti. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia na maumivu huja nyuma ya goti. Wengi hushusha kiti ili waweze kukanyaga ardhi kwa miguu yote miwili wanaposimama. Kwa mtu wa boda boda anayesimama kila dakika ni sawa. Kwa kilomita 60 ni adhabu. Bomba la kiti lina alama ya mwisho wa kupandisha, usiivuke.

Kisha upepo. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa kipimo cha PSI, kile kile cha geji ya kituo cha mafuta. Tairi pana la baiskeli ya milimani, lile la inchi 26, kwa mtu wa kilo 70 kwenye lami hukaa vizuri kati ya 40 na 50. Tairi jembamba linataka zaidi, soma ubavuni. Gurudumu la nyuma liongeze kidogo kuliko la mbele kwa sababu ndilo linalobeba mwili. Angalia pia valvu yako ni ya aina gani. Valvu nene kama ya gari inakubali mashine ya kituo cha mafuta. Valvu ya kizamani yenye kijiti na karaba ndani, iliyo kwenye Black Mamba nyingi, haikubali. Hiyo inataka pampu ya mkono. Kale karaba kakichakaa, tairi litakuwa linashuka pole pole usiku kucha na utatafuta pancha isiyokuwepo. Nunua vipande viwili vya akiba, bei yake haifikii ya chapati.

Breki: raba zigonge ringi, zisiguse tairi hata kidogo. Raba inayogusa tairi hulitafuna ubavuni mpaka tyubu ichungulie, na hapo utasikia mlio kama wa bunduki. Baina ya raba na ringi acha milimita 1 au 2. Vuta mkono wa breki kwa nguvu. Ukifika kwenye usukani, waya inahitaji kukazwa. Breki za vyuma za Black Mamba zikilowa hushika kwa kuchelewa, hivyo siku ya mvua anza kufunga mapema mara mbili ya ulivyozoea.

Cheni ina kipimo ambacho mafundi wachache hukuonyesha, nacho ni rahisi. Chukua rula ya mwanafunzi. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 21, cheni mpya ni milimita 254. Ukisoma 256 au zaidi, imevutika na inayala meno ya friwili, lile gurudumu la meno la nyuma. Ibadilishe sasa, vinginevyo utabadilisha vyote viwili. Kama bado ni nzima, ifute kwa kitambaa kikavu, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila pini ukizungusha pedali kinyumenyume, subiri dakika kumi, kisha futa tena mpaka nje iwe karibu kavu. Mafuta yanatakiwa ndani ya pini. Yakibaki nje hukusanya vumbi. Oili chafu iliyomwagwa gereji achana nayo kabisa: ina unga wa chuma, na unga huo hufanya kazi ya msasa.

Mwisho, shika mkono wa pedali uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, kaza. Kwenye Black Mamba mkono huo umeshikwa na kota, ule msumari mnene wenye nati. Kota ikilegea utahisi kitu kinagonga mara moja kila mzunguko. Dawa yake ni kuigonga kwanza kwa nyundo iingie, ndipo nati ikazwe. Anayekaza nati tu bila kugonga anaua meno ya nati, na kabla hajafika mbali kota itakuwa imelegea tena.

Mfuko wa zana

Beba tyubu moja ya akiba ya saizi yako (isome ubavuni mwa tairi, usikisie), viraka 6, solusheni (gundi ya viraka), kipande cha msasa, leva mbili za kutolea tairi, pampu, spana ya 15 kwa nati za magurudumu, funguo za pembe sita za 4, 5 na 6, na koleo ndogo. Jaribu spana kwenye nati zako ukiwa nyumbani, kwa sababu baadhi ya magurudumu ya mbele huchukua 14. Ongeza kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 5 kwa 8: tairi likichanika ubavuni, kinawekwa ndani kati ya tairi na tyubu na kukufikisha nyumbani. Solusheni iliyowahi kufunguliwa hukauka yenyewe ndani ya kopo, kwa hiyo ibonyeze uone kama bado ni ya maji. Hii ndiyo kasoro inayoumbua watu kuliko zote: mtu ana kila kitu, halafu kopo ni tupu.

Pancha, hatua kwa hatua

Fanya hivi mara moja nyumbani kabla hujalazimika kufanya juani.

1. Pindua baiskeli isimame kwa kiti na usukani. Toa gurudumu. La nyuma, kama lina gia, weka cheni kwanza kwenye duara la meno lililo dogo kabisa ili itoke kwa urahisi.

2. Toa upepo wote. Sukuma kingo za tairi zishuke katikati ya ringi, pande zote mbili. Hapo ndipo unapopata nafasi. Ingiza leva ya kwanza mbali na valvu, ya pili sentimita 10 kutoka hapo. Bisibisi haifai, itatoboa tyubu mara ya pili.

3. Toa tyubu, ijaze upepo na uipitishe karibu na mdomo wako. Midomo huhisi upepo ambao sikio halisikii. Hujapata? Izamishe majini.

4. Kabla ya kuziba, linganisha tundu na tairi ukitumia valvu kama alama, kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitambaa kitanasa kwenye mwiba au kipande cha chupa. Kuziba tundu huku mwiba ungali ndani ya tairi ni kazi ya kurudia.

5. Soma tundu. Tundu moja upande wa nje ni mwiba, msumari au chupa. Matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka, maana yake upepo ulikuwa mdogo na tyubu ikabanwa na ringi ulipopiga shimo. Tundu upande wa ndani, ule wa ringi, ni kichwa cha spoki au utepe wa ringi uliohama; usirudishe tyubu kabla hujaurekebisha.

6. Sugua eneo kwa msasa, kubwa kuliko kiraka, mpaka mng'ao uishe. Paka solusheni nyembamba na usubiri dakika 3 hadi 5 mpaka isishike kidole. Hapa ndipo haraka inapoharibu: kiraka kikiwekwa juu ya solusheni mbichi huteleza na kuachia baada ya kilomita mbili.

7. Bandika kiraka, kibonyeze kutoka katikati kwenda nje, kikandamize kwa nguvu dakika mbili.

8. Jaza tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo. Irudishe, anza kwa valvu, malizia upande wa pili kwa vidole gumba. Zunguka gurudumu lote ukiangalia kama tyubu imebanwa chini ya ukingo wa tairi, ndipo ujaze kamili.

Njiani, badilisha tyubu na uzibe ile mbovu wakati wa mapumziko. Mafundi wapo kwenye masoko mengi ya njiani na kazi yao ni nzuri, lakini pancha hainaga adabu ya kungoja ufike sokoni.

Maji na chakula

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa tano linakupiga utosini. Hesabu nusu lita hadi robo tatu ya lita ya maji kwa kila saa ya kuendesha. Kwa saa nne na nusu ni kama lita 3. Ondoka na lita moja na nusu, nyingine nunua njiani.

Chupa moja ifanye ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza nguvu, itakutapisha. Kunywa kidogo kidogo kila robo saa. Anayengoja kiu kisha anapiga chupa nzima, tumbo humjaa na miguu haipati kitu.

Kula kabla ya kuondoka, chai na viazi vitamu au nduma, kisha ndizi moja au konzi ya njugu kila dakika 45. Samaki na mlima wa ugali viache kwa kurudi. Ukila sahani nzima saa nne asubuhi, kilomita 29 za kurudi zitakuwa ndefu kama za kwenda Busia.

Barabarani

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza. Kabla ya hapo utahitaji taa mbele na nyuma, na barabara ya Busia gizani haifai kwa baiskeli. Vaa helmeti na fulana ya kung'aa kama za watu wa boda boda.

Kutoka mjini fuata barabara ya Busia, upite uwanja wa ndege na Otonglo hadi Kisian. Kipande hiki ndicho chenye malori ya mpakani na matatu zenye haraka, nacho ndicho kinachotaka akili zaidi ya miguu. Kaa kushoto, lakini si kwenye uzi wa mwisho wa lami: acha nusu mita. Pale ambapo ukingo wa lami umeliwa, umekuwa kama ngazi. Ukisukumwa nje usijaribu kurudi kwa kuusugua pembeni, gurudumu la mbele litateleza kando yake na utaangukia barabarani. Punguza mwendo, simama, inua baiskeli, urudi. Kanuni hiyo hiyo ni ya reli. Njia ya Kisumu kwenda Butere inapita upande huu, na popote utakapokutana nayo ivuke kwa kuikata wima. Matatu ikiwa mbele yako na kondakta ameshika mlango, hesabu kwamba itaingia kushoto bila taarifa.

Kisian shika kushoto, njia ya Bondo. Ukijikuta unapanda mlima usioisha, umeshika njia ya Maseno, ambako unapanda hadi karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Geuka. Baada ya Kisian malori yanapungua na barabara inapanda na kushuka. Kwenye kupanda, shuka gia kabla mguu haujawa mzito. Ukibadilisha huku unasukuma kwa nguvu zote cheni itaruka. Kwa Black Mamba hakuna aibu kushuka na kusukuma mita 200. Kwenye kushuka, bana breki zote mbili na uachie, bana na uachie, na macho yawe mbali: mbuzi na ng'ombe hawajui kulia na kushoto.

Kwa mwendo ule wa kilomita 13 na mapumziko ya dakika kumi, utafika karibu saa tatu kasoro dakika kumi. Weka sharti moja na usilivunje: ikigonga saa tatu na nusu hujafika, geuka hapo ulipo. Mawe hayaendi popote, yatakungoja wikendi ijayo.

Kwenye mawe

Kit Mikayi kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza. Mikayi ndiye mwenye boma. Wenyeji husimulia kuhusu mzee Ngeso aliyelipenda jiwe hilo hata akawa anashinda pangoni siku nzima, na mkewe anampelekea chakula. Watu wakimuuliza mumeo yuko wapi, anajibu: ameenda kwa mikayi wake.

Kuna ada ya kuingia na wenyeji wanaotembeza wageni. Mchukue mmoja, kwa sababu njia za kati ya mawe hazina alama na baadhi zinaishia penye ufa. Watu huja hapa kusali, wakiwemo waumini wa kanisa la Legio Maria, kwa hiyo punguza sauti na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Baiskeli ifunge kwenye kitu kisichong'oka, ukipitisha cheni ya kufuli ndani ya fremu na gurudumu. Kupanda kunataka raba zenye meno, si sandali. Jiwe lenye ukungu wa kijani huteleza hata kama juzi ndiyo ilinyesha. Miguu iliyotoka kuendesha hutetemeka, hivyo kaa dakika ishirini kivulini kwanza, uzibe na ile tyubu kama ilitoboka.

Kurudi

Ondoka saa nne na nusu. Mchana upepo wa ziwa huvuma kutoka upande wa magharibi, na wewe unaelekea mashariki, kwa hiyo mara nyingi utakusukuma mgongoni. Raha hiyo ina ujanja wake: huhisi jasho, unasahau maji. Mvua za Kisumu hupenda alasiri, hasa Machi hadi Mei, na huja na radi kali. Ukisikia ngurumo ingia ndani ya duka au nyumba, si chini ya mti wa peke yake, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Spoki ikikatika, mara nyingi huwa ya nyuma upande wa friwili, na chanzo huwa mzigo kwenye keria. Izungushie kwenye spoki jirani isipige fremu, legeza breki ya nyuma kama ringi inagusa raba, tegemea ya mbele, na uende pole pole. Mkakamao wa misuli ukikushika, shuka, nyoosha mguu, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, kunywa ile ya chumvi. Ganzi mikononi ni dalili ya kuegemea usukani mno. Badilisha mshiko kila dakika kumi.

Kichwa kikianza kuuma, jasho limekauka ghafla au unahisi baridi juani, safari ya baiskeli imeisha. Kaa kivulini, jimwagie maji, kisha simamisha matatu yenye keria juu. Patana nauli yako na ya baiskeli kabla haijapandishwa, ilazwe upande usio na cheni, na uifunge mwenyewe kwa mpira. Tenga pesa za dharura hii mfuko tofauti na wa chakula.

Na usiingie ziwani kuosha miguu, hata maji yakiita vipi. Kichocho kipo kwenye maji ya ufuoni, nacho hupenya kwenye ngozi bila jeraha. Osha kwa bomba nyumbani, futa cheni vumbi lisilale na mafuta, kisha Jumapili jioni bonyeza matairi yote mawili kwa kidole gumba. Pancha ndogo ya mwiba mwembamba huchukua siku nzima kujitokeza, na Jumatatu asubuhi una kazi.